Divin Asimame Wapi

Dzaleka, 17 Februari 2025

Mtoto wetu Darlène,

Tunakusalimu kutoka nyumba hii uliyokulia, mimi baba yako mkubwa na mama yako mkubwa Léoncie. Tuko wazima kwa kadiri ya umri. Mvua za mwezi huu zimeangusha ukuta wa jikoni upande mmoja, lakini mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika begani, kwa hiyo hatulalamiki sana. Mama yako mkubwa bado anapika mwenyewe. Juzi alitia chumvi mara mbili kwenye mboga ya sombe, tukaila kimya. Mimi magoti ndiyo yanayonisumbua. Kanisani, pasta anapowaita wenye wasafiri waliokaa muda bila kuleta habari, wasimame waombewe, mama yako mkubwa husimama kila Jumapili. Mimi nabaki nimekaa kwenye benchi.

Utaniuliza kwa nini karatasi, wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii siisikii ila nikiweka sauti ya nje, na nikiweka sauti ya nje majirani wanachangia mazungumzo. Isitoshe, kule Fizi, Kongo, nilifundisha watoto kuandika barua kwa miaka mingi, na sitaki kuwa wa kwanza kuacha. Jean-Pierre, yule fundi cherehani, huenda Lilongwe kununua vitambaa. Atakuletea hii, na safari nyingine atachukua jibu. Jua tu kwamba barua zako namsomea mama yako mkubwa kwa sauti, kuanzia tarehe hadi jina lako. Macho yake hayawezi tena herufi. Unatuandikia wawili.

Sasa neno lenyewe. Tulipopata habari kwamba kozi yako ya kuhariri picha kwa kompyuta imeanza, mama yako mkubwa aliacha kupepeta mchele. Akasema, "Basi atutengenezee montaji."

Unazijua montaji za hapa kambini. Familia iliyotawanyika inapeleka picha za kila mtu kwa Robert pale sokoni, naye anawaunganisha kama waliopigwa siku moja: walio hai chini, wamesimama kwenye majani mabichi, waliokufa juu mawinguni, wameishia kifuani. Karibu kila sebule inayo. Lakini Robert ana haraka. Mwezi uliopita alimvika mzee Adolphe kostimu ileile aliyomvika mkwe wake, na hadi leo kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyeazima.

Nilimwambia mama yako mkubwa kwamba uko masomoni, tusikusumbue. Akanijibu, "We Narcisse, jicho moja limefunga, la pili liko njiani. Mi nataka kuona batoto bangu bote fasi moja, mbele giza iingie. Ni mambo mingi?"

Basi waweke Eliezer wa Australia, Gabriella wa Msumbiji, wewe mwenyewe, na sisi wawili. Baba yako Aristote, mdogo wangu, na mama yako Odette, watakaa juu. Picha yao ya ndoa iko ndani ya bahasha hii. Ishike kwa adabu; hakuna nyingine duniani.

Mkono umechoka. Mungu akulinde katika mji huo.

Baba yako mkubwa,
Narcisse


Kawale, Lilongwe, 11 Machi 2025

Baba mkubwa na mama mkubwa wapendwa,

Nimefurahi kupata maandishi yako, baba mkubwa, yaliyonyooka kama ya ubaoni. Natumaini ukuta wa jikoni umesimamishwa. Mimi niko salama. Bado nakaa na Nadège wa kwaya, chumba kimoja nyuma ya soko. Yeye anashona, mimi nasoma, na umeme ukikatika tunakuwa sawa, hakuna anayefanya kitu. Kibali changu cha kukaa mjini kinaenda hadi kozi iishe. Shuleni naenda kwa miguu, narudi kwa miguu. Jioni tunakula ugali wa nsima na vidagaa vya usipa, tunasema ni ndagala wa kwetu, tunalala.

Mama mkubwa, nimekutumia kilo ya sukari. Baba mkubwa, kikopo hicho cha kijani ni dawa ya magoti. Paka asubuhi na jioni, usugue mpaka pawe moto.

Kozi ni ya wanaoanza kabisa. Wiki za kwanza tulifundishwa kitu kimoja tu: kumkata mtu kutoka mahali alipo. Unafuata ukingo wake kidogo kidogo, mabega, masikio, vidole. Nywele ndizo ngumu. Ukikosea, mtu anabaki na kipande cha ukuta wake wa zamani kichwani. Mwalimu wetu, mama mmoja wa Kimalawi tunayemwita Madam, anasema ndivyo watazamaji wanavyomtambua mtu aliyeletwa kutoka kwingine.

Halafu tumefika kwenye matabaka. Fikiria vioo vilivyolaliana, kila mtu kwenye kioo chake. Ukitazama kutoka juu unaona wote wako pamoja, lakini kila mmoja yuko peke yake, na unaweza kumsogeza bila kumgusa jirani yake. Nilipolielewa hilo sikuandika kitu daftarini. Nilikaa tu nikitazama.

Montaji yenu nimemwomba Madam niifanye iwe kazi yangu ya mwisho, amekubali. Nimeanza na baba na mama. Mkunjo wa ile picha umepita katikati ya shavu la mama, karatasi imetoka unga. Nilichukua shavu zima la upande wa pili, nikaligeuza, nikalijaza pale palipoharibika. Nimewawekea jaribio humu. Mniambie kama ni yeye. Mimi simkumbuki vya kutosha kujua.

Eliezer ametuma picha yake amevaa koti kubwa, nimemwambia atafute nyingine, hapa tuko kwenye majani. Gabriella ametuma kumi.

Kitu kimoja tu. Katika majina uliyoniandikia sikuona la kaka yetu Divin. Labda ni haraka ya kumkimbilia Jean-Pierre. Ninayo ile picha aliyotuma kutoka Durban, amesimama mlangoni pa kinyozi. Niambieni nimweke wapi. Namaanisha, kulia kwa mama mkubwa au kushoto.

Mtoto wenu,
Darlène


Dzaleka, 7 Aprili 2025

Darlène, binti yetu,

Amani iwe nawe na huyo Nadège anayekuvumilia. Sukari ilifika. Dawa ilifika, nakushukuru; ina harufu kali inayomfanya mtu ajione ametibiwa. Ukuta wa jikoni umejengwa upya na vijana wa kanisa, umepinda kidogo, lakini nani hajapinda. Tumevuna mahindi. Daktari wa macho alipita, akasema jicho la pili lingoje liive kwanza ndipo lifanyiwe upasuaji, kama vile ni parachichi. Mama yako mkubwa alimwuliza, "Na likiiva mi ningali hapa?" Daktari alicheka. Mimi nilisaini daftari la mahudhurio, tukarudi nyumbani.

Kuhusu Odette. Nililiweka jaribio lako kwenye mwanga, nikalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Umefanya kazi nzuri, na umekosea. Mama yako alikuwa na kishimo shavuni alipocheka, upande wa kuume peke yake. Shavu la kushoto lilikuwa tambarare. Wewe umelichukua la kuume ukaligeuza, sasa ana vishimo viwili, anacheka pande zote. Ni mzuri, lakini Aristote angepita karibu naye njiani bila kumsalimu. Kifute cha kushoto. Sasa unalo jambo moja la kumkumbuka.

Kuhusu Divin. Nilikuwa nasoma barua yako kwa sauti, na sikulitazama fungu lile kabla ya kuliingia. Jina lilikuwa limekwisha nitoka. Mama yako mkubwa akauliza, "Anauliza nini?" Nikamwambia unauliza upande. Akapiga kifua chake kwa kiganja. "Kushoto. Huku njo alikuwa analalia."

Basi umesikia, kushoto. Mimi ningependa uwamalize kwanza wengine wote, taratibu, kila mtu na ukingo wake. Ya Divin si ya haraka.

Nikuulize pia: je, huko mjini unakutana na vijana waliorudi kutoka Afrika Kusini? Kuna mmoja anaitwa Cadeau, aliishi chumba kimoja na Divin kule Durban. Nasikia yuko upande wa Chinsapo. Kama hamjakutana, huna haja ya kumtafuta. Una masomo.

Soma, mwanangu. Mimi katika umri huu nasoma tena vitabu vilevile vitatu nilivyovuka navyo ziwa, na bado napata kurasa nilizoziruka ujanani.

Narcisse


Kawale, 24 Mei 2025

Baba mkubwa na mama mkubwa,

Mnisamehe ukimya. Nawasalimu sana. Jean-Pierre hakuonekana wiki nyingi, mafuta yalikosekana na minibasi zilipandisha nauli hata wafanyabiashara wakakaa nyumbani. Hiyo ni sababu moja. Sikuwa mgonjwa, msiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimechoka tu, uchovu usioonekana mahali. Nadège aliniambia, "We unakaa mbele ya ile mashini sawa mutu anangojea mukate iive."

Kishimo cha kushoto nimekifuta. Nilipokifuta, mama alibadilika akawa mtu. Sijui kulisema vizuri kuliko hivyo.

Somo la mwezi huu lilikuwa mwanga. Madam alituzimia kompyuta zote, akatutoa nje, akatusimamisha uani tutazamane. Jua lilikuwa upande mmoja, vivuli vyetu vyote vililala upande wa pili. Akasema mkiwakusanya watu kutoka picha mbalimbali, kila mmoja anakuja na jua lake, na kazi yenu ni kuwapa jua moja. Halafu, chini ya kila miguu, mnachora kivuli. Akasema kivuli ndicho kinachomshika mtu ardhini. Asipokuwa nacho anaelea, hata kama miguu yake inagusa majani.

Nimewapanga hivi: nyinyi wawili katikati, kwenye viti. Eliezer, bila koti, nyuma ya baba mkubwa. Gabriella na mimi upande wa kulia. Baba na mama juu, kwenye wingu jeupe. Sikuyapaka yale mawingu ya buluu ya Robert. Divin, kushoto kwa mama mkubwa kama alivyosema. Divin ndiye aliyenitesa. Pale mlangoni pa kinyozi jua lilimpiga upande ambao si wetu. Madam alikuja nyuma yangu, akamgusa kwa ncha ya kalamu kwenye kioo.

"Uyu waima pati?" akauliza kwa Kichewa. Huyu amesimama wapi?

"Amesimama na mama yake," nikajibu.

"Hapana. Hao wengine wamesimama. Huyu anaelea. Mrekebishe."

Kazi nimekwisha kuikabidhi. Nimefaulu, vizuri tu, ila Madam alipunguza alama kwa ajili ya kosa moja, akaniambia nilirekebishe kabla ya kuchapa. Nimechapa hivyohivyo. Jean-Pierre atawaletea ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki; msiikunjue penye upepo.

Uliniuliza kuhusu Cadeau. Nilimwona mara moja Chinsapo, anauza chaja za simu. Hakuwa na habari nyingi.

Magoti yanaendeleaje? Kama kile kikopo kimeisha nitanunua kingine.

Darlène


Dzaleka, 23 Juni 2025

Darlène mpendwa,

Baridi ya mwaka huu imekuja na upepo wa vumbi, tunakaa ndani tumejifunga mablanketi mchana. Tunakohoa kwa zamu. Gabriella alipiga simu, mtoto wake ametoa meno. Eliezer alipiga simu, analalamika umemwondolea koti la bei ghali. Hiyo ndiyo hali ya familia.

Picha imefika, imenyooka, haina hata mkwaruzo. Nitakueleza ilivyopokelewa, kwa maana hukuwepo.

Mama yako mkubwa aliinuka akaenda nayo mlangoni penye jua. Aliisogeza hadi karibu iguse pua, akaanza kuipitia kwa lile jicho moja, mtu baada ya mtu, kama anavyochambua maharage. Alikuwa akisema majina. "Eliezer, amenenepa. Gabriella. Huyu Darlène, anasimama sawa mwalimu. We, Narcisse, amekuondolea mvi?" Nilimwambia hukuniondolea, ni mwanga. Alipofika juu alicheka. "Ah, Odette! Na kile kishimo chake!" Halafu akashuka kwa Divin, akamfunika uso kwa kidole gumba, akamfunua. Picha sasa iko ukutani, juu ya redio. Majirani wamekuja kuiona. Robert naye alikuja, alisimama mbele yake amefunga mikono nyuma, akasema wingu lingekuwa la buluu zaidi.

Walipoondoka wote nilivaa miwani.

Umefanya vile ulivyofundishwa. Jua linatoka kushoto kwa mtazamaji. Kivuli cha kiti changu kimelala kwenye majani, laini, kinafifia mwishoni kama kivuli cha kweli. Cha mama yako mkubwa vilevile. Eliezer anacho. Gabriella anacho, na wewe pia. Hata mguu wa kiti umekumbuka kuutilia chake. Chini ya viatu vya Divin pana majani tu, yanang'aa.

Uliandika kwamba Madam alipunguza alama kwa kosa moja. Nadhani nimeliona. Sikulitaja mbele ya mama yako mkubwa, wala sitalitaja.

Darlène, ulisahau?

Ukinijibu, tumia karatasi mbili. Moja niisome kwa sauti.

Narcisse


Kawale, 28 Juni 2025

Baba mkubwa,

Hii ndiyo karatasi ya pili. Ile ya kwanza ina salamu, habari za cheti na za cherehani mpya ya Nadège, isome kwa sauti.

Sikusahau. Kivuli cha Divin nilikichora kama vya wengine. Nilikipima, nikakilaza upande ulio sawa, kikakaa vizuri. Divin akasimama pamoja nasi kwenye majani, kaka yangu aliyenifundisha kuendesha baiskeli pale barabara ya Dowa akiwa amening'inia nyuma anapiga kelele za breki. Nikakifuta. Nikakichora tena, nikakifuta. Nilikuwa naona nasema uongo, si kwa mdomo, kwa mikono. Mara nyingine nilimkamata nikampandisha hadi kwenye wingu, karibu na mama. Huko nako nikaona nimekuwa nani mimi, nitoe habari ile kwa picha, mama mkubwa aisome ukutani kwa jicho moja. Nikamrudisha chini. Nikamwacha bila kivuli, nikaenda kuikabidhi.

Cadeau aliniambia mwishoni mwa mwezi wa Machi. Divin aliugua kifua. Alikaa hospitali ya Durban, akafia huko mwaka jana, watu wa kanisa wakamzika. Cadeau alishika mkono wake wakati bado una joto. Aliniapisha nisiwaambie nyinyi. Alisema, "Bazee bataanguka, na we njo utawaokota?"

Kila nilipokaa kuwaandikia tangu siku ile nilijua utamsomea mama mkubwa. Sikupata mahali pa kuliweka neno hilo.

Lakini wewe hukuliandika jina la Divin tangu mwanzo, kabla sijakutana na Cadeau. Baba mkubwa, ulijua?

Darlène


Dzaleka, 21 Julai 2025

Darlène, mtoto wetu,

Nakusalimu, na safari hii salamu ni fupi. Nilijua.

Cadeau alikuja hapa mwezi wa kumi mwaka jana. Alinikuta kwenye foleni ya maji, akanivuta pembeni, akaniambia yote aliyokuambia wewe. Aliniomba nisikuambie mpaka umalize masomo uliyokuwa unajiandaa kuyaanza, la sivyo utayaacha. Kijana huyo ametugawia kifo kimoja mara mbili, kila mmoja akadhani amekabidhiwa peke yake. Simlaumu. Amekibeba kutoka Durban, alitaka kukitua, hakujua pa kukitua.

Nami sikujua pa kukitua. Siku ile nilirudi na ndoo, nikamkuta mama yako mkubwa anakausha ndagala, akaniambia Divin akirudi atazikuta. Tangu hapo nilikuwa nasubiri siku nzuri ya kusema. Siku nzuri ya neno kama hilo haipo kwenye kalenda yoyote niliyowahi kutundika.

Barua yako iliponifikia niliamua kumwita pasta. Alikubali kuja Alhamisi baada ya ibada ya wanawake. Lakini alitanguliwa. Alhamisi asubuhi mama yako mkubwa alikuwa ameiteremsha picha, ameketi nayo mlangoni.

"Narcisse," akasema, "Divin anasimama juu ya nini?"

"Juu ya majani, kama sisi."

"Sisi bote miguu yetu iko na giza chini. Ya Divin iko mweupe."

Nilishangaa jicho lile limeona. Nikamwambia ni kosa la kompyuta.

Alicheka, kicheko kikavu. "Kompyuta inajuaje Divin?" Kisha akageuka upande wangu. "We uliacha kusimama tangu mwezi wa kumi. Pasta anaita wenye wasafiri, mi nasimama, nanyoosha mukono nakutafuta, we uko chini kwenye benchi. Unasema magoti. Magoti! Inaenda soko, inaenda maji, inapanda mulima kwa Adolphe kucheza karata. Inashindwa tu na wasafiri?"

Mimi niliyesahihisha insha za watoto wa watu, nilikaa pale kama asiyejua kusoma.

"Sasa kama ulijua," nikamwuliza baadaye, "kwa nini wewe ulikuwa unasimama?"

"Mutu mumoja alipashwa kusimama. Tungekaa bote wawili, kanisa lingejua. Na we ulikuwa hujaniambia. Nilikungojea."

Upepo ulikuwa unapiga bati. Pasta alipobisha hodi alitukuta tumekaa kwenye kizingiti, picha iko katikati yetu, na hakuhitaji kutangaza kitu. Alivua kofia. Mama yako mkubwa ndiye aliyefungua kilio mwenyewe, kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu tulipowaacha Aristote na Odette. Kufikia jioni uwanja ulikuwa umejaa. Wanawake walileta mikeka na makaa, wanaume walileta kuni na zile simulizi zao za zamani. Robert alikuja na kiti chake mwenyewe.

Sasa sikiliza kazi uliyopewa, nimeiandika kama ilivyosemwa. "Umuambie Darlène amutoe pale chini. Mutoto amechoka kusimama. Amupandishe kwa Odette. Odette njo alikuwa anamubeba mugongoni mi nikienda shamba, hatamushangaa." Nilimwuliza kama upande wake wa kushoto ubaki wazi au usogezwe ili tusogeane. Akasema ubaki wazi.

Kivuli usikitafute tena. Vyetu viache vilipo.

Uchape, uje nayo mwenyewe, usimpe Jean-Pierre. Wanawake wamesema hawataondoa matanga mpaka picha iwe sawa ukutani. Cadeau mwambie aje nawe. Atakula hapa, atalala hapa, na atamweleza mama yake Divin jinsi ule mkono ulivyokuwa.

Jana pasta aliwaita wenye wasafiri. Walisimama wengi, kama kawaida. Sisi tulikaa wote wawili. Mama yako mkubwa alinishika kiganja mpaka maombi yakaisha.

Kuhusu kile kikopo cha kijani, usinunue kingine. Kilikuwa bado kimejaa. Sasa anakitumia mama yako mkubwa, anapaka magoti asubuhi na jioni, kwa sababu ya kukaa chini kwenye mkeka kupokea watu.

Baba yako mkubwa,
Narcisse